Kafuro: Mtaa wa Watu wa Pwani katika Milima ya Karagwe

Watu wanapotaja miji ya Waswahili, fikira zao huelekea pwani: Lamu na Mombasa, Bagamoyo na Kilwa, Unguja na viunga vyake. Wale waliosoma zaidi huongeza Tabora na Ujiji, maana habari za miji hiyo miwili zimeandikwa mara nyingi. Lakini palikuwa na mtaa mwingine wa watu wa pwani ambao hutajwa kwa nadra, nao ulikuwa mbali kuliko Tabora, mahali pasipokuwa na mnazi wala harufu ya bahari. Ulikuwa ndani ya milima ya Karagwe, katika nchi ambayo leo imegawanywa kuwa wilaya mbili za mkoa wa Kagera, yaani Karagwe na Kyerwa. Jina lake ni Kafuro.

Mwishoni mwa Novemba mwaka 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika mbele ya Omukama Rumanyika katika ikulu yake ya Bweranyange. Hapakuwa na Mzungu aliyefika huko kabla yao. Walimkuta mfalme ameketi chini pamoja na nduguye Nnanaji, naye akawapa mkono na kuwauliza wanaionaje nchi yake, milima yake na ziwa lililokuwa chini ya ikulu. Jambo moja katika habari za siku hiyo halikupewa uzito unaostahili na wengi waliosoma kitabu cha Speke. Mwandishi huyo anasema kwamba maamkizi ya kwanza ya mfalme yalitolewa kwa Kiswahili kizuri. Basi Kiswahili kilimtangulia Mzungu katika Karagwe. Hakikuletwa huko na shule, wala na serikali, wala na kitabu. Kilifika kwa miguu, pamoja na marobota ya nguo, na mahali kilipotua mizigo yake ni Kafuro.

Ili kuelewa kwa nini wafanyabiashara waliuchagua mtaa huo, yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Karagwe ni nchi ya juu. Milima yake mirefu imelala kutoka kusini kwenda kaskazini kama matuta ya shamba la jitu, migongo yake imevikwa majani mafupi, na kati ya mgongo na mgongo kuna mabonde yenye maji na mafunjo. Upande wa magharibi mto Kagera unaitenga nchi hii na Rwanda. Kisha mto huo unapinda, ukaitenga na Uganda upande wa kaskazini, mpaka unapoelekea mashariki kulitafuta Ziwa Viktoria. Mvua hunyesha misimu miwili, ya vuli na ya masika, na baridi ya asubuhi humlazimu mtu kujifunika. Mashamba ya migomba, ambayo wenyeji huyaita vibanja, hukaa karibu na nyumba, na nje yake huenea nyika ya majani inayoitwa rweya, ambako ng'ombe hulishwa. Mgawanyo huo wa kibanja na rweya ni wa zamani sana, nao ndio msingi wa maisha yote ya Wanyambo: ndizi, maharage na kahawa kutoka kibanjani, maziwa, ngozi na samadi kutoka rweyani. Samadi hiyo hurudi kwenye migomba, na kwa njia hiyo nyika hulilisha shamba.

Mapokeo ya wenyeji yanasema kwamba zamani nchi ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Basita, na mtawala wao Nono aliondolewa na Ruhinda, ambaye wazao wake, Bahinda, walishika ufalme vizazi vingi. Tofauti kati ya Bahima waliochunga ng'ombe na Bairu waliolima ilikuwa tofauti ya kazi na ya heshima, na mara nyingine ya utajiri. Lakini wote walisema lugha moja na kumtii Omukama mmoja. Alama za ufalme zilikuwa ngoma na chuma. Ngoma kuu iliitwa Nyabatama. Wageni walioingia katika nyumba ya hazina ya Rumanyika waliona mikuki ya namna nyingi, na sanamu za ng'ombe na za ndege zilizotengenezwa kwa chuma, shaba nyekundu na shaba nyeupe. Hivyo havikuwa vitu vya kuchezea. Mfalme katika nchi hii alikuwa kwa heshima yake mfua chuma, mwenye kutoa jembe na mkuki. Na wanaakiolojia Andrew Reid na Rachel MacLean, waliochunguza Bweranyange katika miaka ya 1990, walikuta kwamba kazi ya chuma ilifanyika katika makao makuu yenyewe.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Speke alipowaona Bahima warefu wa Karagwe, alijenga dhana kwamba hawakuwa watu wa Afrika hii, bali walitoka Uhabeshi, na akamweleza Rumanyika hivyo. Dhana hiyo aliichapisha mwaka 1863, bila ushahidi isipokuwa sura za watu na pembe za ng'ombe wao. Laiti ingalibaki kitabuni! Waliokuja baadaye waliichukua, wakaipeleka ng'ambo ya Kagera, wakawagawanya kwayo watu wa Rwanda na Burundi katika shule, katika kazi za serikali na katika vyeti. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya Rwanda, wauaji waliitumia dhana hiyo hiyo kuwaita jirani zao wageni wa Uhabeshi, na mto Kagera ukachukua maiti mpaka Ziwa Viktoria. Mwaka huo huo wakimbizi wengi wa Rwanda walipiga kambi katika ardhi ya Karagwe. Hivyo neno lililosemwa kwa wepesi katika ikulu ya Bweranyange lilirudi baada ya miaka 130 na zaidi, likiwa na uzito ambao msemaji wake hakuukadiria.

Turudi kwa wafanyabiashara. Njia yao ilianza Bagamoyo na bandari jirani, ikapita Ugogo mpaka Tabora katika Unyanyembe, mahali ambapo wakati huo wageni walipaita Kaze. Kutoka Tabora misafara iliyotaka pembe za kaskazini ilipita Usumbwa, kisha Usui, ndipo ikaingia Karagwe. Mbele ya Karagwe palikuwa na kivuko cha Kagera penye Kitangule, na baada ya hapo Buganda. Mtu akiitazama njia hiyo kwenye ramani huona mara moja mahali pa Kafuro: ni kituo cha mwisho cha raha kabla ya kufika kwa Kabaka, na kituo cha kwanza cha raha baada ya kutoka kwake. Si kila wakati njia ya Buganda ilikuwa wazi kwa wageni, wala si kila Kabaka aliwapenda. Kwa hiyo ilifaa kuwa na nyumba, ghala na rafiki upande huu wa mto.

Raha hiyo ilikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ni siasa. Katika Usui, mtawala Suwarora aliwatoza wapitao hongo bila huruma. Alidai nguo, alidai masango ya shaba, alidai shanga, na baada ya yeye maofisa wake nao wakadai. Speke na Grant walitoka huko wakiwa wamechoka kwa kudaiwa. Walipovuka mpaka wa Karagwe alikuja ofisa wa Rumanyika kuwapokea, akawaambia kwamba mgeni hatozwi kodi katika nchi hii, na kwamba wakuu wa vijiji wameamriwa kuwapa chakula kwa gharama ya mfalme. Wasafiri waliona huo ni ukarimu tu. Ulikuwa ukarimu, lakini pia ulikuwa hesabu. Omukama aliyewaacha wafanyabiashara wapite bure aliwavuta wakae kwake. Na walipokaa kwake, pembe zilipita mbele ya macho yake, nguo nzuri zilifika kwake kwanza, na bunduki zao zilikuwa upande wake.

Habari ya bunduki si ya kubuni. Baba yake Rumanyika, Ndagara, alipofariki katikati ya miaka ya 1850, wanawe watatu waligombea kiti. Mapokeo aliyosimuliwa Speke yanasema kwamba ngoma ndogo, iliyotiwa dawa ikawa nzito kuliko nguvu za mtu, iliwekwa mbele yao, na Rumanyika peke yake aliweza kuiinua, tena kwa kidole kimoja. Lakini nduguye Rogero hakukubali hukumu ya ngoma, akafanya vita. Wakati huo alikuwapo Karagwe mfanyabiashara maarufu Musa Mzuri, Mhindi wa Surat aliyekuwa na makao Tabora, naye ndiye aliyemsaidia Rumanyika kwa mali na kwa watu wake wenye silaha mpaka Rogero akashindwa. Kwa hiyo kiti cha Rumanyika kilisimama juu ya ngoma na juu ya baruti, na mfalme hakusahau deni hilo. Waandishi wengine wamelichukua jambo hili kuwa ni ushahidi kwamba watu wa pwani walikuwa mabwana wa Karagwe. Hukumu hiyo si sawa. Musa alikuwa mgeni aliyeteuliwa upande wa kusaidia. Hakupewa nchi, hakupewa cheo, wala wenzake hawakuruhusiwa kujenga ngome. Walipewa bonde.

Bonde lenyewe lilielezwa vizuri na Henry Morton Stanley, aliyefika huko mapema mwaka 1876. Anasema Kafuro imekaa ndani ya bakuli pana la ardhi, chini ya vilele vinavyoizunguka kwa zaidi ya futi 1,200. Mtu aliyetaka kwenda kumwamkia mfalme alipaswa kuupanda kwanza ukingo wa mlima. Ni vigumu kuamini kwamba mahali hapo palichaguliwa kwa bahati. Kafuro ilikuwa karibu na ikulu kiasi cha kuitwa, lakini haikuionea ikulu. Ilikuwa na maji na kivuli, lakini mwenye kushika milima aliishika Kafuro yote mkononi mwake. Hata Speke alipokaribia, aliulizwa kama angependa kukaa karibu na ikulu au Kafuro, kwenye njia ya Buganda, ambako Waarabu walizoea kukaa. Yaani palikuwa na mahali pa mgeni wa mfalme, na mahali pa mgeni wa biashara, na mipaka yake ilijulikana.

Sifa ya mtaa huo ilitangulia kufika kwenye vitabu kabla ya Mzungu kuuona. Richard Burton, ambaye hakukanyaga Karagwe, alielezwa habari zake mwaka 1858 akiwa Tabora na Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi aliyekuwa amefika mpaka kwa Kabaka Suna mwaka 1852. Burton anaitaja Kafuro kuwa ni mahali ambapo misafara mikubwa ya Waarabu na Waswahili ilifanya makao ya biashara. Neno hilo "Waswahili" lazima litiliwe mkazo. Wasafiri wa Ulaya walipenda kuandika habari za mwenye kanzu na jambia, lakini msafara haukuwa wa mtu huyo peke yake. Palikuwa na wenye kuhesabu shanga, askari wenye bunduki za gumegume, wapishi, na wapagazi wengi wa Kinyamwezi ambao mabega yao ndiyo yaliyokuwa reli ya wakati ule. Hao ndio waliosema Kiswahili sokoni, kisimani na penye moto wa jioni. Na yamkini lugha iliyofika ikulu ilipita kwanza vinywani mwao.

Stanley aliwakuta Kafuro wafanyabiashara watatu matajiri: Ahmed bin Ibrahim, ambaye yeye anamwita Hamed, na Said bin Seif, na mwingine aliyejulikana kuwa Said Mmaskati. Mkubwa wao alikuwa Ahmed. Huyu ndiye aliyesimulia kwamba aliingia katika baraza la Kabaka Suna mwaka 1844, na kwa sababu hiyo Waislamu wa Uganda huuhesabu mwaka huo kuwa mwanzo wa dini yao katika nchi ile. Alipokutana na Stanley alikuwa ameishi Bara miaka mingi, na nyumba yake ilikuwa kubwa, yenye paa la mgongo, tofauti na nyumba za msonge za wenyeji. Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe, alikuwa na ng'ombe 150, mbuzi 40, watumwa 100 na pembe za ndovu 450.

Hesabu hiyo yastahili kusomwa polepole. Tuanze na ng'ombe. Kwa nini mtu aliyekuja kutafuta pembe awe na ng'ombe wengi hivyo? Sehemu ya jibu imo katika malalamiko ya Speke. Yeye na watu wake walikaa katika nchi iliyojaa maziwa, wakakosa maziwa ya kununua. Kwa maana walikula kuku, na walikula maharage, na wenye ng'ombe waliamini kwamba maziwa yakinywewa na mtu aliyekula vitu hivyo huwadhuru ng'ombe waliokamwa. Mila hiyo haikuwa na ubaguzi wa rangi. Hata Mnyambo mlaji wa maharage ilimhusu. Lakini kwa watu wa pwani ilikuwa shida ya kila siku. Mwenye kutaka maziwa kwa wanawe, au samli kwa mpunga wake, ilimbidi awe na zizi lake. Tena ng'ombe walikuwa ndiyo fedha ya heshima katika nchi ile: kwa ng'ombe mtu alioa, alilipa fidia na alishika urafiki. Nguo huchakaa, shanga hupotewa na fasheni, lakini ng'ombe huzaa. Ahmed alikuwa amejifunza kutunza akiba kama Mhima.

Chakula kingine kilitoka kwa wenyeji. Wanawake wa vijiji vya jirani walileta ndizi, viazi vitamu, mahindi, kunde na mtama, wakapokea shanga na simbi. Na rubisi, pombe ya ndizi, haikukosekana kwa wale ambao dini haikuwazuia, na pengine kwa baadhi ya wale iliowazuia. Kahawa ilitumiwa kwa namna mbili zilizokutana hapo bila kugombana. Mwenyeji alizichemsha buni changa pamoja na majani yenye harufu, akazianika, akazitafuna na kumpa mgeni azitafune kwa heshima. Mtu wa pwani alizikaanga, akazitwanga na kunywa. Tunda ni moja, na kila mmoja aliona desturi ya mwenzake kuwa ya ajabu.

Kuhusu pembe, biashara ya Kafuro ilifungwa kwa kamba ndefu. Mfanyabiashara aliyekaa bondeni aghalabu hakuwa na mali yake mwenyewe. Alikuwa amekopa nguo na shanga kwa Wahindi wenye mitaji huko Unguja, naye alitakiwa kulipa kwa pembe, frasila kwa frasila, kila frasila ikiwa ratli 35. Riba ilipanda pamoja na maili. Nguo aliyoipenda mnunuzi wa Bara ni ile iliyoitwa merikani, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa na merikebu za biashara za Salem tangu miaka ya 1830. Mwaka ule ule ambao Speke aliingia Karagwe, vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilianza, pamba ikakosekana, na merikani ikapungua katika soko la Unguja mpaka nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake. Na pembe zilizotoka bondeni ziliishia mbali vilevile: ziligeuzwa meno ya piano na mipira ya biliadi huko London na katika viwanda vya Connecticut. Msichana wa Marekani aliyejifunza piano hakujua jina la Rumanyika, walakini kidole chake kiligusa mali iliyopita katika nchi yake.

Na hao watumwa 100? Juu yao vitabu vyote vimenyamaza, isipokuwa kwa ile hesabu iliyowekwa baina ya mbuzi na pembe. Hakuna jina hata moja, wala kabila, wala neno la mmoja wao. Lakini bila wao Kafuro haikuwezekana. Watatu wenye mali hawakuweza kulima mashamba, kukata kuni, kuchota maji, kulinda ghala na kuchunga ng'ombe 150. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikuwa ameshafunga soko la watumwa la Unguja kwa mkataba na Waingereza, na mwaka 1876, mwaka ule ule ambao Stanley alikula na kunywa kwa Ahmed, alitoa tangazo la kukataza misafara ya watumwa. Matangazo hayo hayakushuka katika bonde la Kafuro. Stanley aliyapenda mazungumzo ya mwenyeji wake, akamsifu kwa adabu yake na ukarimu wake, akaendelea na safari. Mwanahistoria wa leo hawezi kuendelea kwa wepesi huo. Anapoisifu Kafuro kuwa ni mlango wa Kiswahili, hana budi kuandika katika ukurasa ule ule kwamba waliousukuma mlango huo wengi wao hawakuwa huru.

Ahmed alijaribu pia kuifungua Rwanda. Alituma watu wake ng'ambo ya Kagera zaidi ya mara moja na biashara haikufaulu. Waliokwenda baadhi yao hawakurudi. Watawala wa Rwanda walikuwa wamekataa kabisa wageni wa pwani, na walikuwa na uwezo wa kukataa. Hapo tofauti ya falme hizi mbili yaonekana. Rwanda ilifunga mlango. Buganda iliufungua ikataka bunduki nyingi na dini mpya. Karagwe, ndogo kuliko zote mbili na imebanwa katikati yao, iliishi kwa kuwa njia. Rumanyika alilifahamu hilo. Aliwapokea Waarabu, akawapokea Wazungu, akapeleka wajumbe kwa Kabaka, akapata faida kwa kutokuwa adui wa mtu. Ni siasa ya busara, lakini nguvu zake zote zilikaa katika jambo moja: kwamba njia iendelee kupita kwake.

Njia haikuendelea. Mutesa wa Buganda alikuwa na mitumbwi mingi, na katika miaka ya 1870 bidhaa zilianza kuvuka Ziwa Viktoria kutoka pwani yake ya kusini moja kwa moja mpaka Buganda, bila hongo ya Usui na bila kupanda mlima wa Karagwe. Ndovu nao walipungua. Rumanyika alifariki mwishoni mwa miaka hiyo, kama wengi wanavyohesabu, na baada yake nyumba ya Bahinda ikaingiwa na damu: Kakoko alinyakua mamlaka, akawaua wengi wa ndugu zake. Stanley alipopita tena mwaka 1889, akiwa pamoja na Emin Pasha, hakuikuta ile Karagwe aliyoijua. Mwaka uliofuata Emin, sasa akiwatumikia Wajerumani, alianzisha boma la Bukoba kando ya Ziwa, na makao ya nguvu yakahamia huko. Kisha likaja pigo ambalo halikuwa na bendera. Sotoka iliwaangamiza ng'ombe katika miaka ya kwanza ya 1890, na pamoja nayo ndui na funza wa miguuni, ambaye alikuwa mgeni katika nchi. Maiti za ng'ombe zilipojaa rweyani, si chakula tu kilichopotea. Zilipotea mahari, fidia, samadi ya migomba, na ule uzi uliomfunga mtu wa chini na bwana wake. Reli ya Waingereza ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya nchi zote za Ziwa ikapata mlango mwingine, na Kafuro haikuwa tena mahali pa kupitia kwenda popote.

Israel Katoke, ambaye kitabu chake cha mwaka 1975 ndicho kilichoweka msingi wa historia ya ufalme huu, aliyakusanya mapokeo ya wazee kabla hayajapotea, na ni kwa kazi ya namna hiyo kwamba Karagwe haisomwi leo kwa macho ya wasafiri peke yao. Ufalme wenyewe ulikoma kuwa chombo cha utawala mwaka 1963, serikali ya Tanganyika ilipoondoa madaraka ya machifu. Katika miaka ya 1920 bati lilipatikana Kyerwa, likachimbwa katika milima ya kaskazini; kahawa ikawa zao la fedha; na mwaka 2012 Kyerwa ikatengwa kuwa wilaya kamili. Majina ya zamani hayakufa: mwaka 2019 mapori ya kando ya Kagera yalifanywa hifadhi za taifa, moja ikaitwa Rumanyika-Karagwe na nyingine Ibanda-Kyerwa. Katika mabwawa ya nchi hii Speke aliletewa nzohe, yule paa wa mafunjo ambaye wataalamu wa wanyama walimpa jina la Speke. Wenyeji walikuwa na jina lao zamani.

Biashara nayo imerudi kuitafuta mipaka. Miji ya leo, Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo, haikujengwa juu ya Kafuro, bali juu ya barabara za magari. Lakini mtu akikaa Murongo, penye daraja la kuingia Uganda, atasikia Kiswahili, Kinyambo, Kinyankole na Kiganda katika duka moja. Kahawa huvuka mto kwa halali na kwa magendo, kwa kadiri bei ya upande mmoja inavyozidi ya upande wa pili. Wakulima wengine, wanapobanwa na ada za shule au ugonjwa, huiuza kahawa ingali maua mtini kwa mwenye fedha, kwa bei ya chini mno, mkataba ambao huitwa butura na ambao serikali imeukataza mara nyingi. Ahmed bin Ibrahim angeuelewa mkataba huo bila kufasiriwa. Yeye naye aliishi bondeni kwa nguo za mkopo, akidaiwa Unguja pembe za ndovu ambao walikuwa bado wanatembea porini.